Takwimu za Kukaa Kitako

Fundi cherehani hana haja ya kujieleza. Ukipita barazani kwake saa nne asubuhi utaona vipande vya kitenge vimetapakaa sakafuni, sare ya shule inaning'inia ikiwa na mkono mmoja, futi ya kupimia iko shingoni. Hata anayemdai atakubali kwamba mtu huyu yuko kazini. Mwandishi wa programu za kompyuta hakujaliwa hivyo. Mtazame kwa mbali: kijana amekaa kitako, kavaa bukta, macho yameganda kwenye kioo, mara ajikune, mara asonye. Akiwa kazini yuko hivyo. Akiangalia marudio ya mechi ya Simba na Yanga yuko hivyo hivyo. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na majirani zangu hapa Tabata bado wananiombea nipate ajira.

Ndiyo maana watu wa kazi hii tuna ulevi wa takwimu. Kuna kijiprogramu kinaitwa WakaTime. Unakipachika kwenye programu unayoandikia msimbo, halafu unakisahau. Chenyewe hakikusahau: kinarekodi umekaa muda gani, kwa lugha gani ya kompyuta, kwenye mradi gani, na mwisho wa wiki kinakuletea chati za rangi ambazo unaweza kuzibandika kwenye tovuti yako binafsi, kila apitaye akaona. Pembeni unaongeza viboksi vya kijani vya GitHub, mahali ambapo waandishi wa programu wa dunia nzima huhifadhi kazi zao. Kila siku ya mwaka ina kiboksi chake. Siku ambayo hukutuma kazi kiboksi hubaki kijivu, uliyotuma kidogo huwa kijani cha kupauka, uliyotuma nyingi kijani hukolea.

Viboksi hivyo vilianza mwaka 2013, na miaka ya mwanzo vilikuwa na kihesabio kinachokuambia umetuma kazi siku ngapi mfululizo bila kukosa. Watu wakachanganyikiwa. Mtu anaomba udhuru kwenye chakula cha jioni akahifadhi mkato mmoja tu, ili siku isipotee. Mwaka 2016 GitHub walikiondoa kihesabio kile, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ukaonyesha kwamba baada ya kuondolewa, kazi za wikiendi zilipungua na wale wenye mifululizo mirefu wengi wakaachia. Yaani watu wazima, wenye mishahara na watoto, walikuwa wanaamka Jumapili kuitumikia namba. Kihesabio kiliondoka, viboksi vikabaki, na mimi nikaviweka kwenye tovuti yangu pamoja na chati zote.

Niliyemlenga ni tajiri wa mbali, ikiwezekana wa Ulaya au Marekani. Nilimwona kabisa: kakaa ofisini kwake, kahawa mkononi, anafungua tovuti yangu, anakuta maandishi makubwa yanayosema "Wiki hii: saa 52", papo hapo anatafuta namba yangu. Tajiri huyo hajafika. Waliofika ni watu ninaowajua, na kila mmoja alikuja na hesabu yake mfukoni.

Aliyetangulia ni mama. Mdogo wangu wa kike, ambaye hana kitu anachokiona akakaa nacho, aliirusha tovuti yangu kwenye kundi la WhatsApp la familia, na mama akaifungulia huko Muheza. Katika chati zote iliyomvutia ni moja, ile inayoonyesha saa za siku ambazo huwa naandika zaidi. Chati hiyo niliichora mwenyewe, kwa skripti inayojiendesha kila usiku kwenye seva za GitHub. Sasa seva hizo zinafuata saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa 3. Mimi huanza kazi saa moja asubuhi, kabla joto la Dar halijaanza kutafuta mtu. Seva haijui Tabata iko wapi. Ikachora nguzo ndefu kuliko zote kwenye 04:00.

Mama alisoma enzi ambazo hesabu zilifundishwa kwa fimbo, kwa hiyo kuigeuza 04:00 kuwa saa kumi alfajiri hakukumchukua muda. Mtoto ambaye miaka yote ya shule ya msingi aliamshwa kwa kumwagiwa maji, leo anaamka saa kumi, tena kila siku, tena kwa ushahidi wa picha. Na zile saa zangu za usiku, za kuandika mpaka saa saba, chati ilizionyesha kwenye 22:00. Ukiisoma ile chati, mimi nilikuwa mtu wa kulala saa nne na kuamka saa kumi alfajiri. Kijana wa namna hiyo Muheza nzima hakuna. Habari zikaenda mpaka kwenye kikundi chao cha kufa na kuzikana.

Kisha simu zikaanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Sijakuamsha mie, najua uko macho."

"Mama, ni saa kumi."

"Si ndiyo saa yako? We endelea kuandika, nisikilize tu."

Nikasikiliza. Nilisikiliza habari za bati la jikoni linalovuja, za mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye mihogo, za binamu aliyeposa kwa watu wasiojulikana vizuri. Alikuwa akipiga mapema, wakati ambapo kwa imani yake mimi ndiyo nimechangamka. Akikata simu usingizi umeshakimbia, basi nafanyaje? Nawasha kompyuta. Ikawa kazi naianza saa kumi na nusu alfajiri kweli kweli. Na seva nayo, bila kumuuliza mtu, ikachora nguzo mpya kwenye 01:30.

"Mwanangu, siku hizi hulali?" Safari hii sauti ilikuwa ya huruma. "Saa saba na nusu usiku unaandika nini?"

Nikaona yaishe. Nikaiambia skripti ihesabu kwa saa za Dar es Salaam, kazi ya mstari mmoja. Chati ikawa sahihi: nguzo moja ikasimama saa kumi na nusu alfajiri, ambako mama alisema tangu mwanzo kuwa ndiko niliko, na nyingine, ile iliyokuwa imejificha saa nne usiku, ikajitokeza wazi kwenye saa saba. Mama akazitazama zote mbili, akatoa saba kwenye kumi na nusu, akapata saa tatu na nusu. Tangu hapo simu za alfajiri zimekoma. Sasa hupiga saa sita usiku, kuniamuru nikalale.

Mjomba hakuhangaika na saa za siku. Huyu ni mhasibu mstaafu, na wakati huo alikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu huyo huyo aliyeposa kwa watu wasiojulikana vizuri. Mjomba aliona "Wiki hii: saa 52" na akaona mapato. Kuna mtu alishamwambia kwamba waandishi wa programu huko nje hulipwa dola 50 kwa saa. Akazidisha. Dola 2,600 kwa wiki. Mara wiki 4, dola 10,400. Akaipiga dola kwa shilingi 2,500, kurahisisha, akapata milioni 26 kwa mwezi.

Wajumbe wengine walipewa kadi za mchango ambazo sehemu ya kiasi iko wazi, mtu ajaze mwenyewe ahadi yake: laki moja, wenye uwezo laki mbili. Ya kwangu ilikuja imeshajazwa kwa wino: shilingi milioni 2.

"Mjomba, hii kadi ni ya nani?"

"Ya kwako, mjomba. Na nimekupunguzia. Hapo hata fungu la kumi sijafika."

Nilipotaka kujua fungu la kumi la nini, alinitumia picha ya chati yangu mwenyewe, ile "52" imezungushiwa duara jekundu.

Hapa inabidi nieleze jinsi kile kijiprogramu kinavyohesabu, maana kwa mjomba nilieleza na hakusikia. WakaTime haipimi jasho. Ukibonyeza herufi au ukihifadhi faili, inatuma ishara ndogo ambayo wenyewe wanaiita pigo, la moyo. Kati ya pigo na pigo, kama hazijapita dakika 15 na hujabadilisha mipangilio, inachukulia kwamba muda wote ulikuwa kazini. Kwa hiyo mtu anaweza kuandika herufi moja, akatoka kwenda kunywa supu ya kongoro kwa mama ntilie, akarudi dakika ya 14, akaandika herufi ya pili, na ile supu yote ikaingia kwenye chati kuwa ni kazi. Mwenzake akalala chali kitandani saa nzima akilifikiria kosa lililomsumbua wiki nzima, akalipatia ufumbuzi pale pale kwenye mto, na akaandikiwa sifuri. Nimewahi kutatua kosa zito nikiwa nimesimama kwenye daladala la Gongo la Mboto, kwapa la mtu liko usoni. Hakuna chati yoyote inayolijua hilo.

Lakini katika zile saa 52 kulikuwa na jambo jingine. Chati ya lugha ilionyesha kwamba wiki ile lugha yangu ya pili kwa kutumika ilikuwa "Text", maandishi ya kawaida yasiyo ya kompyuta yoyote. Niliyatafuta yalikotoka. Ilikuwa bajeti ya harusi. Mjomba aliniomba nimchapie, na kila usiku alikuwa anapiga simu kuibadilisha: ukumbi umepanda, kreti za soda ziongezwe, MC apunguzwe, matarumbeta yarudi, sare za kamati ziwe za kitenge na siyo batiki. Mimi majedwali siyapendi, kwa hiyo niliiandika kwenye programu ile ile ninayoandikia msimbo, na WakaTime haijui keki ni nini. Ikahesabu tu. Mjomba alikuwa ananitoza kwa saa nilizomfanyia yeye bure, kwa bei ya dola 50.

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, nilisikia kabisa kalamu ikigongagonga meza.

"Basi hizo tutaziita nguvu kazi," akasema. "Zilizobaki utoe taslimu."

Tukamalizana kwa laki tatu. Ile nguvu kazi aliiingiza kwenye taarifa ya kamati, upande wa mapato, na wajumbe wakaipigia makofi.

Chati ya mjomba ilinigharimu laki tatu. Ya mteja ilikaribia kunigharimu zaidi. Huyu ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, nilimtengenezea programu ya kuhesabu mali iliyoingia na iliyotoka. Tulikubaliana laki nane, nusu mwanzo, nusu mwisho. Mwisho wenyewe ulikuwa unasogea kila wiki, kwa sababu alikuwa na kawaida ya kubadili mawazo akishakula. Leo anataka misumari ihesabiwe kwa kilo, kesho kwa boksi, keshokutwa kwa kilo tena, ila zile za bati peke yake zihesabiwe moja moja. Usiku mmoja niliinakili folda nzima ya kazi yake nianze upya, na hiyo mpya nikaipa jina kwa kadiri ya hali ya moyo wangu saa ile: mteja-msumbufu-final.

WakaTime huchukua jina la mradi kutoka kwenye jina la folda. Siku ya pili nilikuwa nimeshasahau nimeandika nini. Tovuti haikusahau.

"Kijana," alinipigia mchana, akili zake zote zikiwa zimetulia, "nimeingia kwenye tovuti yako. Mbona kazi yangu umeifanyia saa sita tu?"

"Bosi, hizo saa sita..."

"Ngoja kwanza. Laki nane kwa saa sita. Hata daktari wa mifupa hapati hiyo. Halafu hapo chini yangu kuna mtu anaitwa mteja msumbufu, yeye kapewa saa 31. Huyo ni nani?"

Fikiria nafasi niliyokuwa nimesimama. Nikizitetea saa zangu, lazima nimwambie kwamba zile 31 nazo ni zake, na kwa hiyo na jina ni lake. Nikinyamaza, mimi ni mwizi wa laki nane kwa saa sita. Nikachagua kuzitetea saa bila kumtaja mwenye jina, nikamwambia kwamba kazi ya akili haipimwi kwa saa. Nikampa na kisa cha kweli, kisa ambacho watu wa kazi yetu tunakitunza kwa ajili ya siku za namna hii.

Mwaka 1982, kule Apple, kikosi kilichokuwa kinatengeneza kompyuta iitwayo Lisa kiliwekewa utaratibu na mameneja: kila wiki kila mtu ajaze fomu, aandike amezalisha mistari mingapi ya msimbo. Ndani ya kikosi alikuwamo Bill Atkinson, ambaye ndiye aliyeandika QuickDraw, programu ya kuchora vitu kwenye kioo. Wiki hiyo alikuwa ameifumua sehemu moja ya QuickDraw na kuiandika upya kwa njia nyepesi. Ikawa inakwenda kwa kasi karibu mara sita ya mwanzo, na katika kufanya hivyo akafuta mistari kama 2,000. Fomu ikamfikia. Kwenye nafasi ya mistari aliyozalisha akajaza: -2000. Baada ya wiki chache mameneja wakaacha kumpelekea fomu.

Mteja alikisikiliza kisa mpaka mwisho. Alikipenda, niliisikia pumzi yake.

"Yaani alijaza hasi?"

"Hasi, bosi."

"Na kazi ilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana."

"Safi. Ile laki nne yako iliyobaki na mimi nitakujazia hasi, uone jinsi kazi ilivyo nzuri."

Visa vya Marekani vina ubaya huo, havitabiriki vikifika Kariakoo. Sikuwa na silaha nyingine, na kwa kweli nilikuwa nimeshakata tamaa, pale alipouliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anauliza:

"Huyo msumbufu mnamtoza bei gani?"

"Laki nane, bosi. Kama wewe."

"Kalipa?"

"Kalipa nusu, hivi karibuni anamalizia."

Kukawa kimya. Nyuma yake nilisikia mtu akiulizia nondo.

"Mimi siwezi kupitwa na msumbufu," akasema, na laki nne ikaingia kwenye simu yangu kabla ya jua kuzama. Mpaka leo tukionana huuliza hali ya mwenzake. Humwambia hajambo, ila bado hajaacha tabia zake. Hutikisa kichwa kwa masikitiko. Kwenye mipangilio ya WakaTime kuna mahali pa kuficha majina ya miradi. Nilipatafuta jioni ile ile.

Sasa tuje nyumbani. Nyumba ninayopanga ina vyumba saba na mita moja ya luku. Yeyote aliyewahi kuishi kwenye nyumba ya namna hiyo anajua kwamba amani ya uani hudumu kadiri uniti zinavyodumu. Zikiisha kabla ya tarehe, watu huanza kutazamana. Aliyekuwa anatazamwa siku zote ni mama wa barafu wa chumba cha mbele, kwa sababu ana friza kubwa anayogandishia barafu na juisi za kuuza, na friza hiyo ikinguruma usiku hata mwenye duka ng'ambo ya barabara anajua. Kwa hiyo siku mtoto wake wa kidato cha nne alipomwonyesha tovuti yangu kwenye simu, mama yule alipata alichokuwa anakitafuta kwa muda mrefu. Saa 52 kwa wiki mtu anachoma umeme, tena katangaza mwenyewe.

Kikao kikaitishwa uani, baba mwenye nyumba kwenye kiti cha plastiki, sisi wengine juu ya ndoo na vigoda. Hoja: mwenye kompyuta alipe mafungu mawili.

Baba mwenye nyumba ni mtu wa haki, hataki maneno ya kuambiwa. Akavaa miwani, akataka ushahidi aufungue mwenyewe. Ila tangu asubuhi watoto wa nyumba nzima walikuwa wanaifungua na kuifunga ile tovuti kwa Wi-Fi moja tunayochangia, na GitHub humruhusu mgeni asiyejitambulisha kuuliza data mara 60 tu kwa saa kwa anwani moja ya intaneti. Kwao GitHub nyumba nzima ni mgeni mmoja. Zile 60 zilikuwa zimekwisha. Skripti ya ukurasa wenyewe ikaomba idadi ya kazi nilizotuma, ikanyimwa, ikajaribu kujumlisha hewa, na ikaandika kile ambacho lugha ya JavaScript huandika ikipewa kitu kisicho namba.

"Kazi zilizotumwa leo," akasoma baba mwenye nyumba polepole, "NaN." Akaisogeza simu mbali na uso, akairudisha. "Nane. Kasahau tu herufi ya mwisho."

"Nane!" akasema mama wa barafu. "Kwa siku moja! Halafu tunashangaa luku haikai."

Nilijaribu kueleza kwamba pale hakuna nane, kwamba pale kwa hakika hakuna namba yoyote. Hakuna aliyeona kwamba hiyo inanisaidia. Nikaacha takwimu zangu nikaingia kwenye umeme wenyewe. Kompyuta yangu ya mkononi inakula wati kama 50. Ukiiwasha saa 10 umetumia nusu uniti. Pasi ya kunyooshea nguo, ya wati 1,000, inakula uniti nzima kwa saa moja tu, na katika nyumba hii kuna watu wananyoosha mpaka soksi. Friza haizimwi usiku wala mchana. Niliongea vizuri, naamini, na nikatazamwa kwa jicho la mtu anayejitetea. Nilichokisema kilikuwa maneno. Cha mama wa barafu kilikuwa kwenye kioo, kina rangi.

Ikabidi dawa ya moto iwe moto. Nikaomba na nyumba nayo iwekewe chati. Fundi umeme akafunga mita ndogo kwenye waya wa kila chumba, mtoto wa kidato cha nne akapewa daftari na kazi ya kusoma namba kila jioni saa kumi na mbili, mimi nikatengeneza ukurasa: nguzo saba, chumba kimoja nguzo moja, rangi tofauti. Baba mwenye nyumba alitaka yake iwe ya bluu. Wiki ilipokwisha tukakusanyika tena pale pale uani, simu ikapitishwa mkono kwa mkono. Nguzo yangu ilikuwa ya pili kutoka mwisho, ikimzidi tu kijana wa chumba cha nyuma ambaye yuko safarini tangu mwezi wa pili. Nguzo ya mama wa barafu ilikuwa haienei kwenye kioo. Ilibidi uisukume kwa kidole uone kichwa chake.

Simu ikamfikia. Akaisukuma juu, akaishusha, akaisukuma tena. Watu wakamsubiri.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole kabisa, "mama yako alipokuja Dar alinieleza. Chati zako huwa nyuma saa tatu. Irekebishe kwanza, ndiyo tuongee."

Hakuna aliyeweza kumjibu, mimi nikiwa wa kwanza. Baba mwenye nyumba aliamua kila mtu alipe kwa nguzo yake, na mama wa barafu akakubali kwa sharti kwamba fungu lake la ziada alilipe kwa juisi ya ukwaju. Kwa hiyo ukurasa wa luku wa nyumba yetu sasa una safu mbili: uniti kushoto, lita kulia.